Tuta la Mbele ya Lango Langu

Jumatatu, 3 Agosti

Niwie radhi, shajara. Sijakufungua tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Si uvivu. Niliapa kwamba sitaandika tena mpaka niwe na ushindi wa kuandika, na ushindi umekawia. Karatasi zako zimeanza kupata rangi ya chai. Nimeona tusiendelee kununiana.

Habari kwa ufupi. Barabara ya mbele ya lango langu imewekwa lami. Tuliiomba wenyewe, tukaishangilia wenyewe. Zamani ilikuwa mashimo matupu, na magari yalipita kwa adabu, kama wageni. Sasa yanapita kama yanayokimbizwa.

Mke wangu huvuka barabara hiyo kila asubuhi na kila jioni. Ng'ambo anakaa mdogo wake, shemeji yangu, aliyepatwa na kiharusi na hanyanyuki kitandani. Hakubali kuogeshwa wala kulishwa na mtu mwingine ila dada yake. Mumewe amejaribu, akafukuzwa. Muuguzi alikuja, akamwagiwa uji. Basi mke wangu huchukua taulo na chupa ya uji, hufika ukingoni mwa lami, husimama. Goti lake la kulia limechoka. Magari hayana habari na goti la mtu.

Jana lori lilipita karibu naye mno, akaruka nyuma, kandambili moja ikabaki barabarani. Lori la pili likaikanyaga. Ameileta nyumbani ikiwa bapa kama bahasha. Aliiweka mezani mbele yangu. Baadaye akaniuliza kama ningeweza kumvusha, asubuhi na jioni, maadamu sina kazi.

Nilimweleza kwa upole kwamba mkono wa mtu mmoja si mpango. Linalotakiwa ni suluhisho la kudumu. Tuta! Tena mbele ya lango langu hasa. Nikamwambia kwamba ninaunda kamati. Alijibu, "Haya."

Nilipokuwa mkaguzi wa mizani, soko zima lilisimama wima nilipoingia. Sitashindwa na lami.

Jumanne, 4 Agosti

Kikao cha kwanza cha Kamati ya Usalama Barabarani. Kilifanyika sebuleni kwangu. Nilikuwa nimepanga viti kwa mstari, kiti changu mbele, kengele ndogo juu ya meza.

Walifika mfamasia wa kona, mama wa saluni, wapangaji kadhaa wa nyumba ya nyuma, na mwanyumba wangu. Huyo ndiye mume wa shemeji. Tumeoa dada wawili, mkubwa kwangu, mdogo kwake, na tangu hapo hatujamaliza kushindana. Ana gereji ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa nyumba yake. Watu wanamwita Springi kwa sababu ya kazi yake. Mimi wananiita Mzee Mizani, nadhani kwa heshima.

Springi aliingia na ovaroli lake lenye grisi, akakaa kwenye kiti changu. Nilikohoa. Hakusikia, au alisikia.

Nilisoma hotuba. Nilipofika sehemu ya pili kati ya sehemu nilizoandaa, mfamasia aliuliza kama kuna hoja au ni hotuba tu. Nikataja tuta. Ugomvi! Mfamasia alitaka liwe mbele ya duka lake, wateja waliopunguza mwendo wakumbuke dawa. Mama wa saluni alisema liwe mbele ya saluni, maana hapo ndipo wanawake wanapovuka wakiwa na vichwa vya heshima. Springi alisema matuta yanaharibu magari, na kwamba yeye anayatengeneza na hapendi kuyaona yakiteseka. Kisha akaniambia mbele ya watu wote, "Mwanyumba, wewe umestaafu. Si usimame pale asubuhi na kitambaa chekundu? Hata kofia tutakununulia."

Walicheka. Mke wangu, aliyekuwa akileta chai, alicheka pia. Nililiona hilo.

Tulipiga kura. Springi akawa mwenyekiti. Alikuwa amekuja na kreti ya soda. Mimi katibu. Ndani ya sebule yangu! Kengele yangu ndiyo aliyoipiga kufunga kikao.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekwenda halmashauri peke yangu. Kamati itakuta kazi imekwisha.

Mhandisi wa barabara ni kijana aliyezaliwa nikiwa nimekwisha kukagua mizani miaka mingi. Alinipokea vizuri. Alisema maombi ya matuta yako kwenye foleni, kwamba ni lazima magari yahesabiwe, mwinuko upimwe, michoro ichorwe, na kwamba tuta lisilopimwa ni hatari kuliko kukosa tuta. Nikamwambia kwamba vipimo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Alisema basi nitamwelewa. Sikumwelewa.

Nikarudi kwa miguu, nimenuna. Karibu na nyumbani nikamkuta mwashi anamalizia ukuta wa mfamasia. Mkono wake una utulivu wa ajabu, pembe zake ni kali kama za sanduku jipya. Nilisimama nikimtazama. Wazo likaja lenyewe. Sikuliita.

Jioni mke wangu alikawia kurudi. Alisema alisimama ukingoni mpaka uji ukapoa, na mdogo wake akaula baridi bila kulalamika. Nilimshika bega, nikamwambia kwamba Jumamosi ataona. Aliniuliza ataona nini. Mipango mikubwa haisemwi.

Jumamosi, 8 Agosti

Limejengwa!

Tulianza kabla jua halijapanda, barabara ikiwa tupu, mimi nikishika tochi na mwashi akichanganya saruji. Aliniuliza tuta liwe la namna gani, maana yeye hajawahi kulijenga. Yeye hujenga kuta na vizingiti vya milango. Nikaona hapo pana msingi wa kuelewana. Nikamwambia alifanye kama kizingiti. Hakuuliza tena. Akatia nondo, akamimina saruji ile ya kukauka upesi, akapiga pembe kwa mwiko, akalainisha juu kwa sifongo. Sijapata kuona kizingiti kizuri namna ile. Kilikosa mlango tu.

Majuto ya kwanza yalifika na gari la mikate. Halikulipanda tuta, lililigonga. Mikate ilifungua milango ya nyuma yenyewe. Gari la mfamasia likafuata, likaacha bomba la moshi upande huu na likaendelea upande wa pili likinguruma kama simba. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilijiambia kwamba madereva watajifunza.

Na walijifunza! Kufikia saa za uji magari yote yalikuwa yakitambaa. Yalifika, yakasimama, yakalipima kwa macho, yakapanda gurudumu moja moja kama mzee anayepanda ngazi. Ndipo mke wangu akatoka langoni na taulo lake na chupa yake. Akavuka. Hakukimbia, hakutazama kulia wala kushoto. Alivuka kama anayetoka jikoni kwenda sebuleni. Katikati ya barabara alisimama akarekebisha mtandio. Akarekebisha mtandio katikati ya barabara!

Macho yaliniuma. Nadhani ni vumbi la saruji.

Aliporudi alikuwa akiimba chini chini. Alisema shemeji amemaliza bakuli zima, uji ukiwa wa moto. Aliuliza ni nani mwenye baraka aliyejenga lile tuta. Nikasema wananchi wema wako wengi. Mwashi amekula kiapo cha kunyamaza, na mimi pia, kwa sababu kuna faini kubwa kwa anayejenga kitu barabarani bila kibali.

Jumatano, 12 Agosti

Siku mbaya. Sijui nianzie wapi. Ninaanzia gereji.

Tuta liko mbele ya lango langu. Lakini gari linapolipanda na kuvunja kitu, haliwezi kwenda mbali. Linaserereka hatua chache na kusimama ng'ambo. Na ng'ambo kuna nini? Kuna Springi, ameshika spana.

Gereji imefurika. Magari yamepangwa mpaka kwenye maua ya shemeji. Ameajiri mafundi. Ameandika bango jipya kwa rangi nyekundu: GEREJI YA TUTANI. Yule yule aliyesema matuta yanatesa magari! Nilimkumbusha maneno yake tulipokutana dukani. Alisema kweli yanateseka, ndiyo maana anayatibu.

Hilo ningelimeza. Lakini mtaa mzima unaamini kwamba tuta ni kazi yake. Kwani si yeye mwenyekiti wa kamati? Mama wa saluni alimshukuru mbele yangu. Mfamasia naye, pamoja na bomba lake la moshi, amemsamehe kwa sababu watoto sasa wanavuka salama. Leo diwani amekuja mwenyewe, akapiga picha, mguu mmoja juu ya tuta, mkono mmoja juu ya bega la Springi. Akasema huyu ndiye raia wa kuigwa.

Springi hakukubali wala hakukanusha. Alitabasamu na kupangusa mikono. Baadaye alinifuata langoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba hajui nani amelijenga, lakini akimjua atambusu. Nikamwambia asithubutu.

Tuta langu. Jasho langu. Tochi yangu. Na siwezi kusema neno, kwa ajili ya ile faini. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi ninayo, tena imeandikwa kwa rangi nyekundu.

Mke wangu amevuka asubuhi, mchana na jioni. Mchana hakuwa na haja ya kuvuka. Alisema alikwenda kupiga soga tu.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimefanya jambo. Liwe na heri.

Nimefikiri hivi. Tuta lililopo si halali. Kitu kisicho halali kikitolewa taarifa, halmashauri italazimika kukiondoa, na wakishafika hapa na vyombo vyao, wakaona watu wanavyovuka, watajenga la halali papo hapo. La vipimo. Lenye mwinuko mpole usiovunja springi za mtu. Gereji itarudi kulala. Na katika hafla ya ufunguzi itafaa aseme katibu.

Nimempigia simu mhandisi. Sikutaja jina. Nilibadili sauti kidogo. Nilimweleza kwa utaratibu urefu wa tuta, upana wake, aina ya nondo na uwiano wa mchanga na saruji. Alishukuru sana. Alisema si kawaida kwa mpita njia kujua nondo zilizo ndani ya saruji. Akanitakia siku njema, akaniita Mzee Mizani.

Nilikata simu haraka. Hakusikika kukasirika.

Mke wangu alikuwa jikoni akiimba. Kwa muda mfupi niliwaza kupiga simu tena. Kisha nikasikia nyundo za gereji.

Jumatatu, 17 Agosti

Kujenga kuna foleni. Kubomoa hakuna.

Katapila lilifika asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Chai haikupata kupoa. Liling'oa kizingiti changu kizima kizima, nondo zikining'inia kama mizizi ya jino. Wakamwaga lami pale palipokuwa na tuta, wakashindilia, wakaondoka. Nilitoka na kumuuliza msimamizi kuhusu lile la halali. Alisema hilo liko kwenye foleni.

Sasa pale mbele ya lango ni laini kuliko mahali pengine pote. Madereva wamelitambua hilo. Wanaongeza mwendo.

Mke wangu alikuwa ameshafika ukingoni na chupa yake. Kwa siku hizi chache alikuwa amesahau kuogopa, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kushuka barabarani. Pikipiki ilimpitia mbele ya pua. Akarudi nyuma, akashika nguzo ya lango. Nilimwona kupitia dirisha. Alisimama pale muda mrefu. Jua lilipanda. Ng'ambo, dirisha la shemeji lilikuwa wazi, na sauti yake, ambayo siku hizi hutoka kwa shida, ilikuwa ikimwita dada yake.

Nilitafuta viatu. Nilikuwa bado ninavitafuta pale Springi alipotupa spana, akaingia barabarani mikono juu, magari yakimpigia honi, akafika upande wetu. Akamshika mke wangu mkono. Wakavuka. Grisi yote ile kwenye mkono wa mke wangu.

Nilijiambia kwamba anatafuta kura za mwaka ujao. Niliandika hata sentensi nzima kuhusu hilo hapa, kisha nikaifuta.

Mke wangu alirudi jioni, amechoka. Alisema alimkuta mdogo wake amelowa, ana njaa, na anamwomba yeye msamaha. Mgonjwa ndiye aliyeomba msamaha. Kisha akaenda kufua taulo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amezaliwa kabla ya wakati wake, na amekuja kukaa.

Jumanne, 18 Agosti

Amejua. Sijui alijuaje. Nadhani ni viatu nilivyokuwa nikivitafuta. Alivikuta chini ya kitanda, vina saruji hadi kwenye kamba. Na mhandisi, kumbe, aliwahi kuwa mwanafunzi wa shemeji katika shule ya msingi. Alipita jana kumjulia hali. Watu wanaongea.

Hakupiga kelele. Alikaa mkabala nami, akaweka mezani ile kandambili bapa. Alikuwa ameitunza.

"Mume wangu," alisema, "tuta ulijenga wewe na tuta ukabomoa wewe. Mimi sikuomba tuta. Niliomba mkono."

Niliigeuza ile kandambili upande wa pili. Nako ilikuwa bapa.

Jioni nilivuka mwenyewe, kwa shida, kwenda kumshukuru Springi. Lilikuwa jambo gumu na nilikuwa nimeliandaa kwa sehemu tatu. Hakuningoja nianze. Alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje, akazungumza na mimi kutoka huko huko.

"Mwanyumba, mimi kutwa niko chini ya magari; miezi yote hii nilidhani unamvusha wewe. Ningejua, ningekuja mwenyewe. Sikutaka kuingilia mambo ya mtu na mkewe."

Nikasimama pale nikitazama soli zake. Nikamwambia usiku mwema, ingawa jua lilikuwa halijatua. Nilipitia dirishani kwa shemeji. Alinitambua. Aliinua mkono ule mmoja unaoinuka, akanipungia.

Nimeamua. Kuanzia kesho ninamvusha mke wangu. Nimepiga viatu brashi. Nimeviweka mlangoni.

Jumatano, 19 Agosti

Niliamka kabla yake. Nilivaa koti. Alipotoka jikoni na chupa ya uji nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono nje. Aliutazama ule mkono kama kitu kilicholetwa kwa makosa kwenye nyumba yetu. Kisha akaushika. Mkono wake ni mdogo kuliko nilivyokumbuka.

Tulifika ukingoni. Niliinua mkono wangu wa pili, kama nilivyokuwa nikisimamisha mikokoteni sokoni. Basi dogo lilisimama! Gari la nyuma yake likasimama! Tukaanza kuvuka. Laiti ningeishia hapo.

Akatokea mwendesha pikipiki pembeni, akajipenyeza, akaniambia, "Mzee, vuka basi, unangoja kupigwa picha?"

Kuna maneno ambayo mkaguzi hayaachi yapite. Nilimsimamisha. Nikamuuliza leseni. Nikamweleza maana ya kivuko, haki ya mwenda kwa miguu, na malezi kwa jumla. Nikainama ili nisome namba ya pikipiki yake, ambayo ilikuwa na matope. Ili kuyafuta matope nilihitaji mikono yote miwili.

Honi zilikuwa nyingi. Nilipoinuka, mwendesha pikipiki alikuwa ameondoka, basi limeondoka, na mimi niko katikati ya barabara, magari yakinipita mbele na nyuma. Mke wangu alikuwa ng'ambo. Springi alikuwa amemshika mkono. Walikuwa wakinitazama wote wawili, na Springi alikuwa akipangusa mkono wa pili kwenye ovaroli, tayari kuja kunichukua na mimi.

Alikuja. Alinivusha. Kurudi upande wangu.

Mke wangu hakunilaumu jioni. Alisema tu kwamba uji ulikuwa wa moto leo. Nilitamani anilaumu.

Ijumaa, 21 Agosti

Sikulala vizuri, na kukosa usingizi kumezaa matunda. Nimetambua kosa langu.

Kosa lilikuwa ni kufikiria chini. Tuta, mkono, kitambaa chekundu, vyote viko chini, kule kule yalipo magari. Jibu liko juu. Daraja la waenda kwa miguu! Ngazi upande wangu, ngazi upande wa pili, vishikizo imara kwa ajili ya goti la mke wangu, na bango dogo la kiasi lenye jina la aliyeliasisi. Na likijengwa vizuri, ngazi za upande wa pili zitashukia pale pale lilipo bango la gereji. Hilo ni la kihandisi tu. Sina nia mbaya.

Nimemwandikia mhandisi. Safari hii nimetia jina langu, kwani ameshanijua. Nimechora mchoro. Nimependekeza urefu, upana, na aina ya nondo. Mwashi anasema hajawahi kujenga daraja, lakini ameshajenga ngazi, na daraja ni ngazi mbili zilizokutana.

Mke wangu amesimama langoni muda huu, taulo begani, chupa mkononi. Ameniita mara moja, kwa sauti ya kawaida. Nimemwambia avumilie, nimebakiza aya ya mwisho. Ninamwona kupitia dirisha. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anatazama huku. Ng'ambo Springi ameshatoka chini ya gari na anapangusa mikono.

Mhandisi ameshanijibu kwa simu kwamba ombi litafikiriwa katika kikao kijacho cha halmashauri. Sitakusumbua kabla ya hapo, shajara. Nitaandika uamuzi utakapotolewa.